Jinsi ya kujua kama taasisi ya kupambana na rushwa inafanya kazi kweli

Kila mwaka hizi taasisi zinatoa ripoti zimejaa namba, malalamiko mangapi, semina ngapi, na wengi wetu tunaishia hapo. Usiishie hapo. Chukua hiyo ripoti utafute waliotiwa hatiani, sio waliokamatwa, halafu angalia vyeo vyao. Ukikuta ni makarani na askari wa barabarani tu, miaka mitano hakuna hata waziri mmoja wala mkurugenzi, basi ujue dagaa ndo wanavuliwa, papa wanapeta.

Ukimaliza hapo soma sheria iliyoianzisha, najua inachosha ila majibu yapo humo. Bosi anateuliwa na nani, nani anaweza kumtoa, bajeti anaipanga nani? Na kesi anaipeleka nani mahakamani? Kwa mfano Kenya, EACC (tume ya maadili na kupambana na rushwa) inachunguza tu, uamuzi wa kushtaki ni wa DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma), sasa kabla hujalaumu ulizia mafaili mangapi yamerudishwa na yamekaa huko muda gani, maana kesi nyingi zinafia njiani.

Kuna dalili moja naiamini kuliko zote: taasisi ikianza kung'olewa meno, uliza ilikuwa inamchunguza nani. KPK, tume ya kupambana na rushwa ya Indonesia, iliundwa kwa sheria ya 2002, ikafunga mawaziri, 2018 aliyekuwa spika wa bunge Setya Novanto akahukumiwa miaka 15 jela, mwaka uliofuata bunge likabadilisha sheria, ikawekewa baraza la kuisimamia na wafanyakazi wake wakageuzwa watumishi wa serikali. Afrika Kusini Scorpions, kikosi cha kuchunguza rushwa na uhalifu mkubwa, walimchunguza Jacob Zuma, aliyekuja kuwa rais, na mkuu wa polisi Jackie Selebi, 2009 kikosi kikavunjwa. Inauma sana, ila inaonyesha walikuwa wanagusa penyewe.

Ile alama ya rushwa ambayo shirika la Transparency International linaipa kila nchi usiitumie kupimia taasisi moja, inapima mtazamo wa wataalamu na wafanyabiashara kuhusu nchi nzima.

Upande wa hela, mali "zilizozuiliwa" sio mali zilizorudi, kesi ikianguka mwenyewe anachukua chake, kwa hiyo tafuta kiasi kilichoingia hazina.

Kama una taarifa ya kweli, ipeleke uone. Omba namba ya kumbukumbu, uliza jina lako litalindwaje, rudi baada ya mwezi uulize imefikia wapi. Wakishindwa kukujibu hata imepokelewa na idara gani, andika tarehe, peleka malalamiko kwa maandishi na nakala ubaki nayo.