Hackintosh inawaka na flashi tu, ukiichomoa haiwaki

Kama kwenye Hackintosh (PC isiyo ya Apple iliyowekewa macOS) OpenCore, yaani programu inayoiwasha macOS, inabuti freshi ukiwa na flashi ila ukiichomoa BIOS haioni kitu, usikimbilie kuinstoli upya, mara nyingi ni folda ya EFI (yenye mafaili ya kubuti) haijahamia kwenye diski ya ndani. Fungua Terminal, andika diskutil list, tafuta mstari wenye EFI kwenye diski yako (mara nyingi disk0s1), halafu andika sudo diskutil mount disk0s1 ili patisheni hiyo ifunguke, kisha kopi folda ya EFI kutoka patisheni ya EFI ya flashi. Hapa ndo wengi tunakwama: patisheni yenyewe inaitwa EFI na folda nayo EFI, so ndani ya patisheni unajikuta na EFI/EFI/BOOT au BOOT iko nje kabisa ya folda ya EFI. Inatakiwa ukifungua patisheni uone EFI, ndani yake BOOT na OC (folda ya OpenCore), kwa sababu BIOS kwa kawaida inatafuta EFI/BOOT/BOOTx64.efi. Kama diski ina Windows pia, ingiza BOOT na OC ndani ya EFI iliyopo, usikubali Finder (sehemu ya kufungulia mafaili kwenye macOS) ireplace folda nzima ya EFI maana folda ya Microsoft itafutika. Haitasaidia kama hata kwa flashi haiwaki, hapo kaangalie config.plist, faili la mipangilio ya OpenCore.