Namna ya kujua kama jina la ukoo wako linaenea au linapungua

Sisi ni akina Maganga. Hapa Tabora ukiliita jina hilo stendi, vichwa kadhaa vitageuka. Nilitaka kujua kama tunaongezeka.

Anza na vitabu vya zamani: vya ubatizo parokiani, vya uandikishaji shuleni. Omba ruhusa kwanza. Chagua miaka iliyoachana kama 30, uhesabu jina lako na watu wote pia. Hilo la pili usiliruke: Maganga 12 kati ya 300 ni asilimia 4, ila 12 kati ya 900 hawafiki hata asilimia 2.

Ugumu uko kwenye jina la tatu. Wengi wetu huandika jina la babu, kwa hiyo kila kizazi jina linasogea. Ukoo upo palepale, karatasini umetoweka. Kulwa, Doto na Shija usiwahesabu kama koo: ni majina ya pacha na anayewafuata. Makarani nao waliandika walivyosikia, kama Kulwa alivyoandikwa Kurwa; jina lako likiandikwa kwa namna mbili hivyo, ziweke pamoja.

Kisha keti na shangazi. Wangu, huku akimenya karanga, alinitajia ndugu watatu wa babu ambao wajukuu zao leo hawaitwi Maganga. Nikarudi kuhesabu upya.