Kuutambua Uyoga wa Kofia ya Mauti Kuanzia Shinani

Uyoga ambao wataalamu huuita Amanita phalloides, na ambao hapa tutauita kofia ya mauti, ndio unaoongoza duniani kwa vifo vitokanavyo na kula uyoga. Asili yake ni Ulaya, lakini kwa kuwa huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti, hasa mialoni, umesafirishwa pamoja na miche hadi Amerika Kaskazini, Australia na Afrika Kusini.

Wachumaji wengi hukata shina kwa kisu juu ya udongo, na hapo ndipo huuacha ushahidi muhimu kuliko wote. Uchimbue uyoga mzima polepole, kwa kuwa chini kabisa, mara nyingi ukiwa umefunikwa na majani makavu, upo mfuko mweupe uliochanika kama ganda la yai, na shina limesimama ndani yake. Ukipanda juu utakuta pete laini inayoning'inia kama sketi, kisha, chini ya kofia, kurasa nyembamba nyeupe ambazo hazikushikana na shina. Kofia yenyewe huwa na upana wa sentimita 5 hadi 15, na kwa kawaida ni ya kijani iliyochanganyika na manjano. Hata hivyo rangi ndiyo dalili ya kuaminiwa kidogo zaidi, kwani hupauka kwa mvua na jua, na upo pia ulio mweupe kabisa.

Uyoga mchanga, ukiwa bado umefungwa kama yai, upasue katikati kutoka juu hadi chini: ukiona umbo la kofia na shina limejichora ndani, utupe. Uliokomaa, laza kofia yake juu ya kioo, uifunike kwa bakuli usiku kucha, na asubuhi utaona vumbi jeupe la spora, yaani chembe ndogo mno ambazo uyoga huzaliana kwazo. Ule uyoga wa majani ya mpunga unaoliwa Asia, ambao nao una mfuko, huacha vumbi la waridi, na kufananishwa kwake na kofia ya mauti kumeua watu. Majaribio ya kienyeji ya kupika uyoga pamoja na kijiko cha fedha au kitunguu ili kuona kama kitabadilika rangi hayana maana yoyote, na alama za meno ya konokono hazithibitishi usalama. Ladha nayo haionyi. Walionusurika wamewahi kusema kwamba uyoga huo ulikuwa mtamu.

Sumu yake, amatoksini, haiharibiwi kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha. Huzuia seli kutengeneza protini, na ini huumia kwanza. Kibaya zaidi ni ukimya wake: saa 6 hadi 12 hupita, pengine zaidi, kabla ya kutapika na kuharisha vikali kuanza. Baadaye mgonjwa hupata nafuu ya siku moja au mbili, akadhani amepona, ilhali ini linaendelea kufa. Wengine huokolewa kwa kupandikizwa ini jipya tu.

Kwa hiyo anayeshuku kwamba ameula aende hospitali mara moja, bila kusubiri dalili, na aseme saa aliyokula. Abebe mabaki ya uyoga, hata maganda yaliyotupwa, yakiwa kwenye karatasi badala ya plastiki ili yasioze, na wote waliokula chungu hicho waende pamoja naye, hata wanaojisikia wazima.