Deki ya bei nafuu ya kwenda nayo mashindano ya Ijumaa

Mimi hucheza Magic, ule mchezo wa kadi, hapa Minneapolis kila Ijumaa jioni, nikitoka kazini, na deki yangu, yaani rundo la kadi ninazochezea, ni ya rangi nyekundu tupu. Mgeni namshauri aanze na mtindo wa Pauper. Ni kadi za daraja la kawaida tu, hivyo mfuko hautatoboka.

Sheria inataka kadi zisizopungua 60, na kadi moja isizidi nakala 4, ukiacha ardhi za msingi, yaani kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine. Weka 60 kamili. Ya 61 itakuchelewesha tu kuifikia ile unayoitaka. Yangu ina Mountain 18 (ardhi ya nyekundu), Lightning Bolt 4 (mana moja tu, na mpinzani anapungukiwa uhai 3 kati ya 20), na viumbe vya mana moja au mbili.

Ardhi ndizo huwaponza watu. Mwanzoni nilitia 14, nikajiona mjanja. Raundi ya kwanza nikapata Mountain moja katika kadi 7, nikaing'ang'ania. Nilikufa nimeshika kadi sita, jamaa ananitazama kwa huruma. Mkono kama huo urudishe, changa upya, hata kama itabidi kadi moja uiweke chini ya deki.

Kadi 15 za akiba huingia kuanzia mchezo wa pili. Nne ni Pyroblast, inayobatilisha kadi za bluu, kwa ajili ya wale wenye deki za bluu wanaopenda kuzuia kila kitu. Hao huwaza sana, na raundi ni dakika 50, kwa hiyo waharakishe kwa adabu.