SOMO: Kompyuta moja, watu wawili hadi wanne kwa mpigo, kila mtu na kibodi na skrini yake (Linux)

Wakuu salaam. Hili swali nimelijibu mpaka vidole vimechoka, kila baada ya siku mbili tatu mtu ananifuata inboksi, "kaka nikichomeka kibodi mbili si tayari watu wawili wanatumia?" Hapana. Ukichomeka kibodi mbili bila kuseti kitu, zote zinaandika sehemu moja, wewe unaandika barua mwenzako anakuongezea herufi katikati. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia hili somo.

Kwanza tuelewane. Hapa hatuongelei rimoti wala kompyuta ndani ya kompyuta. Linux yenyewe, kupitia systemd-logind (sehemu yake inayosimamia nani ameingia na vifaa gani ni vyake), inajua kitu kinaitwa seat, mimi naita kiti. Kiti ni skrini + kibodi + mausi + sauti ya mtu mmoja. Kila mashine ina kiti kimoja tayari, seat0. Kazi yetu ni kuongeza seat1, seat2 na kuendelea, kila mtu anaingia na akaunti yake na mafaili yake, hawagusani.

Hatua ya 1: Vifaa. Kila kiti kinataka kadi yake ya grafiksi. Narudia, KILA KITI KADI YAKE. Kadi moja yenye matundu mawili ya HDMI inahesabika kadi moja. Kama prosesa yako ina grafiksi ya ndani hiyo ni ya kwanza, unaongeza kadi moja ya kuchomeka unapata viti viwili. Angalia jina la prosesa, zile za Intel zinazoishia na F (mfano i5-10400F) hazina grafiksi ya ndani. Kadi ya pili isikuumize kichwa, hata ya zamani isiyotaka waya wa umeme inatosha, ile sloti yenyewe ya PCIe (inapochomekwa kadi) inaweza kutoa mpaka wati 75. RAM 8 GB kwa watu wawili wanaofungua brauza, na hapo inabana, 16 ndio unapumua. Na kila kiti kinunulie habu yake ya USB (kile kiboksi cha kuongeza matundu), sababu utaiona hatua ya 6.

Hatua ya 2: BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Linux). Mashine nyingi ukichomeka kadi zinazima grafiksi ya ndani kimyakimya. Ingia BIOS utafute kitu kama "iGPU Multi-Monitor", kiwashe.

Hatua ya 3: Weka Linux yenye LightDM au GDM kama skrini ya kuingilia, hizo mbili zinaelewa viti vingi. Mimi natumia LightDM na desktopu ya Xfce kwa sababu ni nyepesi.

Hatua ya 4: Tengeneza akaunti moja kwa kila mtu. Msishee akaunti, brauza itagoma kufunguka mara mbili.

Hatua ya 5: Weka openssh-server (programu ya ssh, ya kuiongoza mashine kutoka mbali), ujaribu kuingia kutoka mashine nyingine au hata simu KABLA ya kuendelea. Usiiruke hii, soma inayofuata utajua kwa nini.

Hatua ya 6: Kuhamisha habu. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza kwa hiyo nisomeni taratibu. Andika

loginctl seat-status seat0

inakuja mti mrefu wa vifaa vyote, kila kimoja na njia yake ya /sys/devices. Hizo njia zina lugha yake. Ukiona inaishia usb1, huo ni mzizi, yaani matundu YOTE ya upande huo wa mashine. Ukiona usb1/1-4, hilo ni tundu namba 4 peke yake. Ukiona 1-4.2, hicho ni kitu kilichochomekwa tundu la 2 la habu ambayo yenyewe imekaa tundu la 4. Unachotakiwa kuhamisha ni ile 1-4, yaani habu, na kila kitakachochomekwa kwenye habu kitaifuata chenyewe:

sudo loginctl attach seat1 /sys/devices/pci0000:00/0000:00:14.0/usb1/1-4

Mimi siku hiyo nilikopi mstari wa juu yake ulioishia usb1. Nikabonyeza Enter, hapohapo kibodi zote mbili na mausi zote mbili zikahamia seat1, ambayo bado ilikuwa haina skrini. Nabonyeza Caps Lock taa haiwaki, mausi haisogei, saa kwenye kona ya skrini inaendelea kutembea kama kawaida. Nikazima kwa kitufe, nikawasha, vilevile, maana logind inaandika uamuzi wako kwenye faili na kuusoma tena kila ikiwaka. Sikuwa na ssh. Ilibidi nitafute fleshi, niweke Linux ya kuwashia, niingie kwenye diski kwa mlango wa nyuma nifute faili zinazoanza na 72-seat ndani ya /etc/udev/rules.d. Jioni nzima imeondoka kwa sababu ya herufi nne ambazo sikuzikopi.

Kwa hiyo:
- Kibodi unayofanyia kazi iwe imechomekwa moja kwa moja kwenye mashine, si kwenye habu unayoihamisha.
- Njia ikiishia usb1, usb2, usb3, USIIGUSE.
- Ukikosea na ssh ipo: sudo loginctl flush-devices, kila kitu kinarudi seat0.
- Habu ya USB 3 inaonekana MARA MBILI kwenye mti, upande wa polepole na upande wa kasi, mfano 1-4 na 2-4 (namba zinaweza zisifanane). Hamisha zote mbili. Kibodi inapita upande wa polepole, fleshi ya USB 3 inapita wa kasi, ukisahau mmoja utashangaa kibodi iko kiti hiki na fleshi inatokea kiti kingine.
- Kiti kinafuata TUNDU, hakifuati kibodi. Ukichomoa habu ukaihamishia tundu lingine, imerudi seat0.

Hatua ya 7: Kadi. Angalia ipi mashine inawakia nayo:

cat /sys/class/drm/card?/device/boot_vga

Mistari inafuata namba za kadi, yenye 1 iache seat0. Ile nyingine, tafuta njia yake kwenye mti, inaishia drm/card0 au drm/card1 (drm ni jina la Linux la upande wa grafiksi), hamisha kwa komandi ileile ya attach. Kama ni NVIDIA na draiva yao wenyewe, ongeza nvidia-drm.modeset=1 kwenye mistari ya kuwashia. AMD na Intel hazisumbui.

Hatua ya 8: Ristati. Skrini mbili, sehemu mbili za kuingilia. Basi.

Ulizeni.

---

chapchap_tz: Mkuu sijasoma yote nipo kwenye gari, kwani lazima kadi mbili? Yangu ina HDMI mbili

Mwandishi: Hatua ya 1. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Kalamu3: Asante kwa somo. Nimehamisha habu vizuri, 1-2, lakini nikiandika loginctl list-seats naona seat0 tu, seat1 haipo na kibodi ya habu imekufa.

Mwandishi: Haijafa. Kiti hakizaliwi mpaka kipewe kadi. Fanya hatua ya 7 halafu angalia tena, kwenye seat-status seat1 lazima uone mstari wenye [MASTER] mbele ya drm. Bila huo mstari hakuna kiti, na vyote ulivyokihamishia vinakaa gizani vinasubiri.

Kalamu3: Imetokea!! [MASTER] drm:card1. Nikaristati zote mbili zimewaka. Ubarikiwe.

dogo_wa_kompyuta: haifanyi kazi

Mwandishi: Nini haifanyi kazi? Leta seat-status ya seat0 na ya seat1, zote kamili. Kwa maneno mawili siwezi kukusaidia.

MwlRehema: Habari kaka. Nina swali la kutaka kujua tu. Mimi nafundisha, kuna leptopu hazina pa kuchomekea kadi. Kuna njia yoyote ya kupata kiti cha pili?

Mwandishi: Shikamoo mwalimu, swali zuri sana hili. Ipo. Kuna adapta za skrini za USB zenye chipu ya DisplayLink. Zile za zamani za USB 2.0 zina draiva ndani ya Linux yenyewe, inaitwa udl, na logind inazikubali kama kadi. Kuna mpaka vituo vidogo vyenye skrini, sauti na matundu ya kibodi kwenye boksi moja, Fedora 17 (aina mojawapo ya Linux) ya mwaka 2012 ilikuja na uwezo wa kuvitambua vyenyewe, unachomeka tu waya mmoja wa USB kiti kinatokea bila komandi hata moja. Udhaifu wake ni kwamba picha yote inapita kwenye USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, kuandika na kusoma sawa, video ya skrini nzima inakatakata. Zile mpya za USB 3 zinataka draiva ya nje, evdi, kwa kazi hii usizinunue. Na kwa shule wazo hili si geni, Brazil jimbo la Paraná walijaza mashule mashine za Linux ambazo moja inahudumia wanafunzi wanne, mfumo uliotengenezwa na chuo kikuu cha shirikisho cha hukohuko.

MwlRehema: Marahaba. Nimeelewa vizuri sana, maana kuandika na kusoma ndicho tunachohitaji.

SimbaMkali88: Kwa Windows je? Hizi Linux zenu ni mateso

Mwandishi: Windows ya kawaida inaruhusu mtu mmoja tu kukaa mbele yake kwa wakati mmoja. Kuna programu ya kulipia inaitwa ASTER. Microsoft wenyewe walikuwa na MultiPoint Server, ikaishia ndani ya Windows Server 2016, toleo la 2019 wakaitoa. Somo hili ni la Linux.

SimbaMkali88: Sawa ila siku hizi kompyuta ndogo zipo kibao, kila mtu si awe na yake, hii kitu ya zamani

Mwandishi: Ndugu, mashine yenye kori sita mtu anaandikia barua, kori tano zimelala. Ukiweka viti unaapudeti mara moja, unaweka programu mara moja, printa unaseti mara moja. Ubaya wake naujua na nausema, pawasaplai ikifa wote mmesimama, kwa hiyo hapo usibane matumizi. Lakini kuita kitu cha zamani bila kukijaribu si hoja.

Nyuki_J: Mimi skrini ni moja tu na kadi moja, nataka mimi na mdogo wangu tuwe na mishale miwili kwenye skrini ileile, tunachora pamoja. Inawezekana au nimeota?

Mwandishi: Hujaota, na hicho ni kitu kingine kabisa na kizuri. X.Org, au X kwa kifupi (mfumo unaochora madirisha kwenye Linux), ina uwezo huo tangu 2009, unaitwa MPX. Huhitaji kadi ya pili. Ingia kwenye desktopu ya X, si Wayland (mfumo mpya wa kazi hiyohiyo), halafu

xinput create-master pili
xinput list

utaona "pili pointer" na "pili keyboard". Chukua namba ya mausi ya mdogo wako, andika xinput reattach (namba) "pili pointer", na kibodi yake vilevile kwa "pili keyboard". Mshale wa pili unatokea palepale. Mnaweza kuandika kwenye madirisha mawili tofauti kwa wakati mmoja. Ila si programu zote zinajua kuwa kuna mishale miwili, nyingine zinachanganya, jaribuni ya kuchorea mnayotumia. Na mkiristati inapotea, ziwekeni hizo komandi kwenye faili la kuanzia.

Nyuki_J: DADA YAKE AMEFURAHI. Mdogo haachi kukimbiza mshale wangu

Kalamu3: Narudi tena mkuu. Mtu wa seat1 akichomeka fleshi mbele ya mashine inamuomba paswedi ya admini. Kwangu seat0 haiombi.

Mwandishi: Iko sahihi hiyo. Tundu la mbele ni la seat0, kwa hiyo fleshi ni ya seat0, mtu wa kiti kingine hawezi kuifungua bila ruhusa. Achomeke kwenye habu yake. Ndiyo sababu nimesema kila kiti na habu.

Tausi_L: Na mmoja akizima kompyuta mwenzake si anapoteza kazi?

Mwandishi: Wote wakiwa ndani, mfumo unamuomba anayezima paswedi ya admini kwanza, kwa hiyo asiye nayo hawezi. Ila kulala kwenyewe zima kabisa mapema: sudo systemctl mask sleep.target suspend.target. Na kitufe cha kuwashia mashine, kiweke mbali na miguu ya watu.

dogo_wa_kompyuta: nimeleta [seat0 na seat1 zote] samahani kwa ile ya mwanzo

Mwandishi: Usijali, sasa tunaongea. Angalia seat1 yako, kadi ipo na [MASTER] ipo, habu 1-3 ipo. Lakini kibodi yako ya pili naiona seat0 kwenye 1-5. Umeichomeka kwenye mashine, haijapita kwenye habu.

dogo_wa_kompyuta: nilihamisha jana nikisafisha meza 😔 nimeirudisha kwenye habu imekubali

Mwandishi: Safi. Bandika selotepu ya rangi moja kwenye habu na kwenye tundu lake, kila kiti rangi yake, atakayesafisha meza arudishe palepale.