Somo: Jinsi ya kupima kama seti ya namba ni msingi wa kujumlisha

Habari wadau. Nimeamua kuandika somo hili mara moja, likae hapa, atakayeuliza nimwelekeze. Hapa Mwanga, Kigoma, ninakofundisha hesabu za ziada jioni, swali ni lile lile: "Mwalimu, Lagrange alisema kila namba ni jumla ya miraba minne, mbona 23 imenigomea?" Haijakugomea. Soma hatua ya 5 taratibu.

Tunachotafuta ni hiki. Una seti ya namba kamili, mfano miraba, yaani namba zikizidishwa kwa zenyewe: 0, 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea. Chagua namba kadhaa kutoka humo, idadi yake tuiite h, kurudia ruksa, uzijumlishe. Je, kila namba kuanzia 0 inapatikana? Kama ndiyo, seti yako ni msingi wa kujumlisha wa daraja la h. Miraba ni msingi wa daraja la 4. Mwanahisabati Lagrange alithibitisha hilo mwaka 1770.

Hatua ya 1. Andika seti yako hadi kikomo fulani, tuseme 100.

Hatua ya 2. Hakikisha 0 imo. Bila 0 huwezi kutumia namba pungufu ya h.

Hatua ya 3. Hesabu kama seti ina watu wa kutosha. Kuanzia 0 hadi 100 kuna miraba 11. Jozi zake, pamoja na namba kujirudia yenyewe, ni 11 × 12 ÷ 2 = 66. Namba za kufikia ni 101. Jozi 66 haziwezi kutoa majibu 101, kwa hiyo miraba si msingi wa daraja la 2. Umemaliza bila kujumlisha chochote. Hatua hii watu wanairuka, nami naipenda kuliko zote.

Hatua ya 4. Angalia mabaki. Mraba wowote ukigawanywa kwa 8 unabakiza 0, 1 au 4. Jumlisha mabaki matatu ya aina hiyo utakavyo, hutapata baki 7. Basi 7, 15, 23, 31 na ndugu zao wote hawapatikani kwa miraba mitatu. Lakini angalia: kupita mtihani wa mabaki si kufaulu. 28 inabakiza 4, inaonekana safi, nayo pia haiwezekani kwa mitatu. Sababu ni kwamba jumla ya miraba mitatu ikigawanyika kwa 4, namba zote tatu lazima ziwe shufwa. Zigawe kwa 2 na unarudi kwenye 7 ile ile. Legendre ndiye aliyeonyesha kwamba zinazokataa ni hizo tu: 8b + 7 (b ni 0, 1, 2 na kuendelea), na hizo zikizidishwa kwa 4, kwa 16, kwa 64 na kuendelea.

Hatua ya 5. Jedwali. HAPA NDIPO WATU WANAANGUKA. Usianze na mraba mkubwa unaoingia ukashuka nao. Kwa 23 utachukua 16, zinabaki 7. Utachukua 4, zinabaki 3. Halafu 1 + 1 + 1. Tayari mitano, na unaandika kwamba Lagrange kakosea. Jibu ni 9 + 9 + 4 + 1. Hata 12 inakudanganya: ukianza na kubwa unapata 9 + 1 + 1 + 1, kumbe 4 + 4 + 4 inatosha. Njia sahihi ni kujaza jedwali kuanzia chini. Kila namba iandikie idadi ndogo kabisa ya miraba inayohitaji, ukianza na 0, ambayo idadi yake ni sifuri. Ukifika 23, toa kila mraba unaoingia: unabaki na 22, 19, 14 na 7. Jedwali lako tayari linasema hizo zinahitaji 3, 3, 3 na 4. Chukua ndogo, ongeza 1: jibu 4. Ona kwamba kuanza na 16 kulikutupa kwenye 7, ile mbaya kuliko zote. Onyo la pili: usiruke namba hata moja. Kosa kwenye 7 litaharibu 23, na 23 itaharibu nyingine mbele, nawe hutajua lilianzia wapi.

Hatua ya 6. Thibitisha. Jedwali la hadi 100 halisemi lolote kuhusu 101. Kwa vipeo vya tatu (0, 1, 8, 27, 64...) 23 inahitaji tisa: 8 + 8 na moja saba. Aliyeishia 200 angeapa kwamba ni 23 peke yake, kumbe 239 nayo inataka tisa. Dickson alithibitisha mwaka 1939 kwamba hakuna nyingine. Kwa miraba, njia ilifunguliwa na Euler: namba mbili zinazopatikana kwa miraba minne zikizidishwa, zao lake nalo linapatikana kwa minne. Ikabaki kushughulikia namba tasa.

MASWALI

Mdau wa Kasulu: Mwalimu mimi nimejaribu 23 nikapata mitano, hii kanuni ina walakini.

Jibu: Hatua ya 5.

Mdau wa Kasulu: Nimesoma lakini nimeanza na 16 kama kawaida.

Jibu: Hatua nzima inakukataza kuanza na 16. Isome tena.

Mdau wa Kibirizi: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza dagaa, chenji natoa kwa kuanza na sarafu kubwa: 500, 200, 100, 50. Sijawahi kutoa sarafu nyingi kuliko inavyohitajika. Kwa nini kwangu inakubali na kwenye miraba inakataa?

Jibu: Marahaba. Swali zuri sana hili. Sarafu zetu zimepangwa vizuri: 100 ni mara mbili ya 50, 200 ni mara mbili ya 100, na hata 500 isiyogawanyika kwa 200 haileti shida, kwa sababu 200 tatu unazibadilisha kwa 500 na 100, mbili badala ya tatu. Miraba haina ubadilishaji wa namna hiyo. 4 tatu ukitaka kuzibadilisha kwa kutumia 9, unaishia na namba nne. Jaribu kubuni sarafu ya 300 uone: 400 itakuwa 300 + 100, sawa na 200 + 200. Bado haijaharibu kitu. Sasa ondoa zote, weka 50, 150 na 200 tu: 300 ukianza na kubwa unatoa tatu, kumbe 150 mbili zinatosha.

Mdau wa Urambo: Naomba majibu yote hadi 100, kesho nina mtihani.

Jibu: Jedwali la hadi 100 ni kazi ya jioni moja. Fanya.

Mdau wa Nzega: Na namba tasa je? Kompyuta si imeshathibitisha kwamba kila shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili?

Jibu: Hapana. Imekagua hadi 4 × 10^18, na kukagua si kuthibitisha. Ndiyo hatua ya 6. Goldbach alimwandikia Euler mwaka 1742 na kwa tasa mbili swali liko wazi hadi leo. Kilichothibitishwa ni kwamba kila witiri kubwa kuliko 5 ni jumla ya tasa tatu. Helfgott alikamilisha hilo mwaka 2013.

Mdau wa Nzega: Sikusema kwa ubaya mwalimu.

Jibu: Najua. Ila nimeulizwa hivyo mara nyingi mno.

Mdau wa Ujiji: Hatua ya 3 imenifikirisha. Kama seti haiwezi kuwa chache mno, chache inayotosha kwa daraja la 2 ni ipi?

Jibu: Umenifurahisha. Chukua jumla za 1, 4, 16, 64... kila moja mara moja tu: 0, 1, 4, 5, 16, 17, 20, 21... Halafu ongeza mara mbili zake: 0, 2, 8, 10, 32, 34... Kila namba ni moja ya huku na moja ya kule. 27 = 16 + 8 + 2 + 1, yaani 17 + 10. Hadi 63 unatumia namba 15 tu, wakati hesabu ya jozi inadai angalau 11.

Mdau wa Ujiji: Nimejaribu. Mbona 21 inapatikana kwa njia nyingi? 21 + 0, 20 + 1, 17 + 4, 16 + 5.

Jibu: Nne kamili. 5 ina mbili, 85 ina nane, na zinaendelea kujizidisha. Mwaka 1941 Erdős na Turán walibashiri kwamba haikwepeki: msingi wowote wa daraja la 2, uutengeneze utakavyo, idadi ya njia haitakuwa na kikomo. Hakuna aliyethibitisha, hakuna aliyekanusha. Jaribu kutengeneza seti ambayo hakuna namba hadi 100 inayozidi njia tatu, kisha uweke hapa tuione.