Kagua kioo cha dirisha kabla hujanunua stika ya tinti

Wadau habari zenu. Naandika hii juu naona watu wananunua stika ya tinti ndio jua lipungue na majirani wasichungulie, lakini kioo chenyewe hawajakiangalia. Mimi nilibandika nyeusi kabisa kwa kioo kilichokuwa na rangi tayari, dirisha la magharibi, na baada ya wiki chache kikapasuka kuanzia ukingoni bila mtu kukigusa. Iliniuma sana.

Kwanza pitisha mkono kwa kioo, upande wa ndani. Kikiwa na maua au vinundu kama cha bafu stika haitashika, hewa inabaki chini yake na inabanduka. Vingine vina maua upande mmoja tu, sasa kama upande laini ndio uko ndani uko sawa.

Pili, na hapa usiharakishe, mchana shika karatasi nyeupe nyuma ya kioo. Ikionekana nyeupe hicho ni kioo cha kawaida. Ikionekana kahawia au kijivu kioo kina rangi ndani, na kioo cha rangi kinameza joto, ukiongeza tinti nyeusi kinameza zaidi, katikati panapata moto na ule ukingo uliofichwa kwa fremu unabaki baridi, ndio kinapasuka. Hicho kitafutie stika nyepesi. Chenye waya ndani pia usikipe nyeusi.

Tatu, usiku washa kiberiti karibu na kioo, uangalie kwa pembeni moto unavyoonekana kwa kioo. Miali miwili iliyokaribiana ni kioo kimoja, minne ni vioo viwili vyenye nafasi katikati. Hivyo si vingi Nairobi, lakini ukivipata muulize muuzaji stika gani inaruhusiwa, juu joto likikwama hapo ni hasara kubwa.

Nne ni fremu. Za chuma zenye pati, ule udongo unaoshika kioo, pima kila kioo peke yake, na kama grili iko ndani kata stika vipande vidogo mkono upite. Acha kama milimita 2 pembeni. Alminiamu ya kuslaidi ni rahisi. Luva, vile vipande vya kioo vya kufungua na kufunga, kusema ukweli weka pazia tu.

Na kama pesa haitoshi nyumba yote anza na mashariki na magharibi, sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo huko ndiko jua linapiga kila siku, asubuhi na jioni.

MASWALI

Mama wa Umoja: Fundi, nataka ile ya kung'aa kama kioo cha kujiangalia, nione nje na wasinione. Usiku je?
Jibu: Mama, usiku ukiwasha taa inageuka, wewe ndio unaonekana. Inaficha upande wenye giza, kwa hivyo pazia usitoe.

Kijana wa Pipeline: Bro hii nyumba ni ya kupanga, na nitahama nayo aje?
Jibu: Chukua ile isiyo na gundi, inashika kwa maji tu na inatoka bila kuharibu kioo. Lakini mwambie landilodi kwanza.

Dada wa South B: Nilibandika jana naona ukungu na malengelenge, nibandue?
Jibu: Usibandue dada. Hayo ni maji, yanaweza kuchukua hata mwezi kukauka. Ukibonyeza na kuhisi vumbi ndani, hapo ni kurudia.